Mshipi Kutoka Matema

Ndandalo, 10 Novemba 1913

Kwa mjomba wangu Ezekia, uliyeko Matema.

Ndaga, mjomba. Nakusalimu wewe na mama Neli, na dada Neli mwenyewe, ambaye najua ndiye anayekusomea karatasi hii, na shemeji Lazaro mumewe. Sisi huku tu wazima. Mvua bado haijaanza, migomba imenyauka, na kila mtu anatazama juu. Mke wangu Tusekile anakusalimu sana. Asema bado anaukumbuka usipa, ule wa dagaa wa ziwani, uliotuletea kwenye arusi yetu, na mimi ninavyomjua, hiyo ndiyo namna yake ya kuomba mwingine.

Sasa nina neno, mjomba. Yule Bwana Mpimaji aliyeshukia hapo kwenu mwezi wa tisa alifika huku na baisikeli yake inayokwenda kwa moto. Watoto wa Ndandalo wameiita pikipiki kwa ajili ya kelele zake, na mimi nimewafuata. Imemfia mlangoni pangu. Watu wakamwambia kwamba nilifundishwa kufua chuma misheni, basi akaniachia. Nimeifungua yote, nimeisafisha, nimekaza kila kilicholegea. Mashine inanguruma vizuri kabisa. Kibovu ni kitu kimoja tu, mkanda. Ni mkanda wa ngozi unaotoka kwenye mashine na kulizungusha gurudumu la nyuma, nao umekatika vipande vitatu. Bila huo pikipiki inapiga kelele pale pale iliposimama, kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Bwana amesema mkanda mwingine umo katika lile sanduku alilokuachia wewe siku mtumbwi ulipoelemewa. Amekupa ruhusa ulifungue. Tafadhali utoe mkanda huo, umpe mtu yeyote anayekuja Mwaya, na Asajile mchukuzi atanifikishia.

Bwana amekwenda kupima njia milimani na atarudi mvua zikiisha. Alisema mbele ya jumbe: nikikuta haiendi, vyombo vyako vya kazi nachukua mimi, na wewe utabeba mizigo yangu hadi pwani. Mjomba, kaka yangu Tuntufye alikwenda pwani na mizigo, na mpaka leo mama hana hata kaburi la kulilia. Ningekuja mwenyewe kuuchukua, lakini jumbe ameagizwa nisitoke kijijini. Kila asubuhi anakuja kunihesabu, mtu mmoja peke yangu, kana kwamba ningeweza kupungua.

Kutoka kwenu mpaka kwangu ni siku mbili, tatu akienda mvivu. Naungojea kabla ya Krismasi.

Mimi mpwa wako,
Hezroni

*

Matema, 4 Januari 1914

Kwa mpwa wangu Hezroni, mwana wa dada yangu.

Mimi Ezekia nasema, na Neli anaandika. Umelalaje, mwanangu? Tusekile amelalaje? Mama yako kifua chake kimepoa? Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wangu wa kushoto ambao umevimba tena, nami siendi mbali kuliko ufukweni. Mama Neli anakusalimu, amechoma vyungu arobaini wiki jana na vimepasuka vitatu tu. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa. Krismasi tuliimba vizuri, ila Lazaro alianza wimbo juu mno na wote tukakaukiwa.

Barua yako imechelewa kutufikia, usinitazame mimi. Ililala majuma matatu kwenye mfuko wa Asajile, ambaye alikwenda matangani kwa mjomba wake huko Busale akaenda nao.

Neli aliponisomea nikalifungua sanduku siku ile ile, mbele ya wazee wawili ili pasiwe na maneno baadaye. Mna viatu, mna chupa za dawa, mna mavitu mengine ya ngozi na ya chuma ambayo sikuyagusa, na kweli mshipi umo kama ulivyosema. Mwanangu, ni mshipi mzuri! Nimevua ziwa hili miaka arobaini na sijaona uzi kama huo. Mwembamba, mgumu, umekunjwa kwenye kibao pamoja na ndoana sita. Niliushika mkononi nikatamani mambo. Lakini nimekufungia wote katika jani la mgomba, sikupunguza hata pima moja.

Nimeshangaa kidogo jinsi mshipi utakavyozungusha gurudumu, ila mambo ya Wazungu niliacha kuyauliza zamani. Sanduku nimelifunga tena imara sana, hata nyani hawezi kulifungua.

Mjomba wako,
Ezekia

*

Ndandalo, 2 Februari 1914

Kwa mjomba Ezekia.

Nakusalimu, na mguu wako nausalimu. Mama amepata nafuu. Tumepanda mpunga. Tusekile hajambo.

Mjomba, umeniletea uzi wa kuvulia samaki.

Nilifungua jani la mgomba mbele ya watu sita waliokuja kuona pikipiki ikienda. Jumbe alikuwapo. Aliokota ndoana moja akaniuliza kama nitaivuta pikipiki kutoka mtoni. Watu wamecheka mpaka leo, na nikipita njiani wananiuliza kama samaki wameuma au hawajauma.

Mimi sikuandika mshipi. Soma tena barua yangu kama bado ipo. Niliandika MKANDA. Mkanda wa NGOZI. Ni mrefu kuliko mtu, mnene kama kidole gumba, ncha zake zimeunganishwa kwa chuma. MKANDA.

Usidhani nimekaa bure nikikungojea. Nimenunua ngozi ya ng'ombe, nimeikata, nimeishona kwa kano. Siku ya kwanza ilikwenda hatua kumi ikateleza. Nikapaka lami ya mti, ikakwenda hatua ishirini, halafu mvua ikanyesha na ngozi ikalegea ikaning'inia chini kama ulimi wa mbwa. Nikaikaza, ikakauka, ikakatika na kunipiga shavuni. Alama ninayo. Ngozi yetu haiwezi kazi hii, mjomba, imetengenezwa kwa kulalia.

Miezi mitatu imekwisha. Naomba mkanda, si kitu kingine.

Hezroni

*

Matema, 15 Machi 1914

Kwa mpwa wangu Hezroni.

Nasema mimi, na Neli anaandika. Twakusalimu. Mvua kubwa, mto umekula shamba la Eliya jirani yetu. Mbuzi mchanga amekufa. Wengine wazima.

Barua yako imefika na maandishi makubwa makubwa, nikamwuliza Neli mbona haya yamenenepa, akasema hayo yanapiga kelele. Mimi ni ndugu wa mama yako. Kelele ya karatasi nimeisikia, sitaijibu.

Sasa umesema ni mshipi wa ngozi. Mimi sijaona mshipi wa ngozi ukivua kitu. Neli ndiye aliyesema, labda kaka anataka ule unaofungwa kiunoni. Hapo sikwenda ufukweni siku mbili, maana katika nyumba hii mshipi wa kiunoni ulio wa ngozi ni mmoja tu, nawe unaujua. Ni ule wa marehemu baba yangu, babu yako, wa ngozi ya nyati aliyemuua mwenyewe, wenye pete za shaba. Watoto wangu wote wanajua kwamba nitazikwa nao.

Nikajiuliza, Hezroni anaweza kuniomba kitu hiki? Mama Neli akasema, akibebeshwa mizigo akafa njiani kama Tuntufye, utazikwa nao ukiwa na raha gani? Basi nimeufungua kwenye kikapu, nimeupaka mafuta, nimeuleta. Usinishukuru. Sitaki kusikia habari zake.

Sanduku la Bwana sikulifungua tena, kwa sababu nililifunga kwa taabu.

Ezekia

*

Ndandalo, 20 Aprili 1914

Kwa mjomba Ezekia, salamu.

Huku ni maji matupu. Nyumba ya jumbe imesimama ndani ya maji na bado kila asubuhi anakuja kunihesabu, anakuja na mtumbwi. Analipiga teke gurudumu, anauliza, bado? Ninajibu, bado. Anaondoka. Tusekile ana mimba, mjomba. Akijaliwa atajifungua mwezi wa nane. Hilo nilitaka kukuambia kwa furaha, lakini furaha yenyewe nimeitafuta asubuhi hii sikuipata.

Mshipi wa babu umefika. Nimeutundika ukutani juu ya kitanda, na sithubutu kuutazama. Ungenitumia matusi ningeyavumilia kuliko kunitumia kitu hicho. Sikukiomba! Na hata ungekuwa ndio ninaoutaka, ni mfupi, hauzunguki hata gurudumu lenyewe. Babu alikuwa mtu mwembamba.

Nasema wazi: hapa kati yetu kuna mtu asiyejua kusoma. Si wewe, wewe hukusoma kamwe wala huna kosa. Ni dada Neli. Alikaa darasani miaka mitatu, akapewa Agano Jipya mbele ya kanisa zima, na leo neno dogo lenye herufi sita linamshinda. Mkanda! Mtoto wa darasa la kwanza angelisoma. Kama amesahau, aseme amesahau, tumtafute mwingine.

Maneno yameniishia. Nyuma ya karatasi hii nimechora picha. Duara dogo ni la mashine, duara kubwa ni la gurudumu la nyuma, na ule mstari unaoyazunguka yote mawili ndio kitu ninachokitaka. Usisomewe, mjomba. Tazama kwa macho yako.

Hezroni

*

Matema, 24 Mei 1914

Kwa Hezroni.

Tu wazima. Tumefurahi kwa habari ya Tusekile. Mguu wangu vile vile.

Picha tumeitazama, mimi na mama Neli. Mimi niliona vyungu viwili, kikubwa na kidogo, vimefungwa pamoja kwa kamba. Mama Neli naye akaona hivyo hivyo, na yeye ndiye fundi wa vyungu. Amevifinyanga mwenyewe, amevichoma, amevifunga kama ulivyochora. Asema huenda vinahitajika kwa uzazi. Asajile amevibeba kichwani, naomba visipasuke.

Ezekia

Mimi mwandishi nimesoma kila neno ninaloweza kulisoma.
Neli

*

Ndandalo, 21 Juni 1914

Kwa mjomba wangu Ezekia, kwa mama Neli, na kwa dada yangu Neli.

Nawasalimu nyote kwa adabu, na barua hii naomba dada Neli aisome bila hofu, kwa sababu nimeipima kila neno kabla ya kuliandika.

Vyungu vimefika vizima. Nilipoviona nilikaa chini mavumbini, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu sikujua tena kama nacheka. Nilivirushia maneno mabaya. Nilikuwa nimekwisha kunyanyua kile kidogo nikipige ukutani Tusekile aliponishika mkono. Akasema, nisomee barua zote za mjomba, tangu ya kwanza.

Nikamsomea. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Nilipomaliza akaniuliza: "Lile neno lako, mbona Neli hajaliandika hata mara moja?" Nikasema ndiyo hasira yangu hiyo. Akaniuliza tena: "Baba yake Lazaro, jina lake la nyumbani ni nani?" Nikamwambia silijui, sote twamwita Baba Lazaro. Akaweka ungo chini. Yeye anamjua, watu wa kwao walipakana na watu wake. Akanitajia.

Mjomba, jina hilo sitaliandika hapa, kwa kuwa macho ya Neli ndiyo yatakayolipitia. Wewe unalijua. Liseme polepole moyoni mwako, kisha ulisikilize linavyofanana na jina la kitu kilichokatika kwenye pikipiki.

Na mimi ndiye mjinga wa kwanza. Jina la marehemu baba yangu lina sauti ya kisu ndani yake, na huyu Tusekile tangu aingie nyumbani kwangu hajasema kisu. Husema kikatio, hata mbele ya wageni. Miaka miwili namsikia, nami nilidhani ni namna ya kusema ya kwao. Mwanamke wa Kinyakyusa hamtaji baba mkwe wake, wala neno linalofanana na jina lake. Neli ni wetu kwa kuzaliwa, si Mnyakyusa, lakini ameolewa kwa Wanyakyusa na ameishika heshima yao. Nilimwandikia kwa herufi kubwa jina la mtu anayemkimbia njiani asimwone uso! Mara tatu, nne, kwenye karatasi moja.

Dada Neli, nilisema hujui kusoma. Nimeona haya, na Tusekile ameniongezea nyingine.

Sasa naomba hivi, bila kulitaja. Mjomba, katika sanduku la Bwana, je, kuna kitu kirefu cha ngozi nyeusi, kirefu kuliko mtu, kinene kama kidole gumba, ambacho hakina mwanzo wala mwisho kwa sababu ncha zake zimeunganishwa kwa chuma? Kama kipo, ndicho. Mvua zimekwisha. Bwana anaweza kutokea siku yoyote.

Mpwa wenu,
Hezroni

*

Matema, 2 Agosti 1914

Kwa mpwa wangu Hezroni.

Nasema mimi, na Neli anaandika, leo anaandika akitabasamu kidogo. Twakusalimu na Tusekile na kilicho tumboni. Maji ya ziwa yametulia, samaki mbasa wanapatikana. Nimekuwekea wakavu kumi, atakula mzazi.

Mwanangu, naona aibu. Kitu hicho sikukitafuta hata dakika moja. Ulipokuwa ukinipigia kelele kwenye karatasi nilikuwa nimekikalia. Ndicho nilichofungia sanduku mwezi wa kwanza! Nilikiona humo ndani nikasema, hiki kigozi kirefu kinafaa, nikalizungushia sanduku nikakaza fundo. Miezi saba ninakaa juu ya sanduku hilo jioni nikinyoosha mguu, na ninamwambia kila anayepita, sijui Hezroni anataka nini.

Tumelifungua fundo kwa taabu, hatukukikata. Kimepinda mahali pa fundo, lakini kizima. Asajile anaondoka nacho kesho alfajiri, nimemwapisha asiende matangani hata akifiwa na nani.

Mshipi wa babu usiurudishe. Nimeufikiri. Uache hapo ukutani, mtoto ataukuta.

Ezekia

Kaka Hezroni, hapa chini nasema mimi Neli mwenyewe, na baba amekwenda kulala.

Neno lako niliposoma mara ya kwanza nilitafuta lingine. Nikapata mshipi, nikaona limekaa sawa, maana hata mshipi ni kitu cha kujifungia. Baba ni mvuvi, yeye akasikia uzi. Mimi sikuwapo walipofungua sanduku. Nilijua nilipokuwa nikiandika neno ndoana. Mkono ulisimama. Ningeweza kumwambia baba pale pale, siyo huo. Angeniuliza, ni upi basi? Nikaendelea kuandika. Mara ya pili nilijaribu kumwelekeza kwenye kiuno, na ukaona kilichotokea. Mshipi wa babu ulipofunguliwa kikapuni nililia, baba akadhani namlilia babu.

Najua mchungaji amesema si dhambi, maneno ni maneno tu. Lakini nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa bado darasani, nikiwa nimekwisha kuolewa, mwalimu alinipa nisome kwa sauti, na neno lile lilikuwamo. Nililisoma, nilitaka kuonyesha ninavyojua. Wiki ya pili nilimzika mtoto wangu wa kwanza. Mchungaji alisema ni homa. Wanawake kisimani walinitazama tu. Sasa kaka, mimi nina mtoto mwingine mgongoni, nawe ukaniandikia jina hilo kwa herufi kubwa. Ungenipiga ningekuelewa zaidi.

Nimekusamehe, lakini msamaha wangu nao utachelewa kidogo njiani.

Neli

*

Ndandalo, 30 Agosti 1914

Kwa mjomba Ezekia na dada yangu Neli.

Nawasalimu. Barua hii akiisha kuisoma dada Neli, itiwe motoni jikoni kwa mama Neli, chini ya vyungu, iungue kabisa.

Tusekile amejifungua salama siku kumi zilizopita, mtoto wa kiume. Tumemwita Ambokile, yaani ameniokoa, na sababu yake mtaisikia. Mbasa wamefika, amewala wote peke yake.

Kile kitu kilifika tarehe tano ya mwezi huu. Asajile hakuenda matangani. Nilikivisha siku hiyo hiyo, na mjomba, pikipiki ilikwenda! Nilikwenda nayo kutoka mlangoni pangu mpaka kwenye kivuko, jioni watu wakiwa wameinama mashambani, na nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nilirudi nikiisukuma ili jumbe asione, kwa sababu nilitaka kumshangaza asubuhi. Nikakivua nikipake mafuta pale palipopinda, na usiku Tusekile akashikwa na homa, basi sikushughulika tena na pikipiki wala kumshangaza mtu. Siku zikapita hivyo. Jumbe akaja, bado? Nikamjibu bado, kwa mazoea tu.

Halafu zikaja habari za vita. Bwana Mpimaji hatarudi, ameitwa jeshini. Badala yake walikuja askari sita na Bwana mwingine, mwenye ndevu, wanakusanya wapagazi na kila kitu kinachokwenda. Nilikuwa nimekaa uani, kile kitu kiko mkononi mwangu na mafuta, nikasikia mbwa. Sikufikiri, mjomba. Nilikizungusha kiunoni mara mbili nikashusha nguo juu yake.

Bwana akaniuliza mashine hii inakwenda? Nikasema haiendi, nikamwonyesha mahali palipo patupu. Akaniuliza tangu lini. Jumbe ndiye aliyejibu. Akasema: "Tangu mwaka jana, Bwana. Kila siku mimi mwenyewe naitazama, haijaenda hata hatua moja." Alisema kwa majivuno, na alikuwa anaamini kila neno. Na Ndandalo nzima ikacheka, wakamweleza habari ya ndoana na vyungu. Tusekile alivitoa vyungu nje vikaonekana. Yule Bwana hakucheka, lakini aliandika karatasi. Mwalimu Yakobo wa misheni, anayejua Kijerumani, amenisomea. Imeandikwa kwamba fundi huyu asichukuliwe, akae na mashine, aitunze, mpaka kile kinachokosekana kitakapofika kutoka Ulaya.

Wamechukua watu kumi na mmoja. Asajile ni mmoja wao. Alikuwa amesimama pale pale uani pangu, mtu aliyenibebea kile kitu siku mbili bila kulala, na alinitazama kiunoni. Alijua. Akainama akabeba sanduku la risasi. Barua hii inaletwa na mkewe. Mpeni samaki, na mkimwona analia msimwulize.

Mjomba, mwaka mzima nimekulaumu kwa kuchelewa. Sasa nakuomba tuchelewe. Kile kitu hakijafika. Mtu akikuuliza, hukutuma kitu ila uzi wa samaki, kitu cha marehemu babu, na vyungu viwili, na barua zako zinaonyesha hivyo, ila ile ya mwisho, ambayo nimekwisha kuichoma.

Na wewe dada Neli, nilisema hujui kusoma. Ulikuwa umesoma sawasawa tangu siku ya kwanza. Ni mshipi. Ninao kiunoni sasa hivi ninapoandika.

Hezroni